Toba Isiyoishia Njiani



Leo tutafakari toba kupitia maji machafu. Ndiyo, yale yanayotoka viwandani na mashambani. Mara nyingi yana naitreti. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, imepita kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, maana damu ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Lakini naitrojeni iliyomo humo ndiyo hiyohiyo mkulima anayoinunua dukani kama mbolea! Sisi tuliosoma falsafa tulifundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba ubaya si kitu kinachojitegemea, ni wema uliopungukiwa. Naitreti nayo imepungukiwa elektroni. Wanasayansi wanapitisha umeme kwenye maji, wakitumia kichocheo kama shaba, na naitreti inageuka kuwa amonia, malighafi ya mbolea.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ili naitreti iwe amonia inahitaji elektroni nane. Ikipata mbili tu, inaishia kuwa naitraiti, sumu kali kuliko ile ya mwanzo.

Ndugu yangu, si ndivyo tulivyo? Mmoja ameacha pombe, lakini sasa kazi yake ni kuwasema waliobaki baa. Mwingine ameungama wizi, ila hela za watu harudishi. Yesu alishatuonya: pepo alirudi akakuta nyumba imefagiwa lakini ni tupu, akaleta wenzake saba (Mt 12:43-45). Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mtazame Sauli. Hakuishia kuanguka njiani. Alikaa siku tatu haoni, akawekewa mikono na Anania, akabatizwa (Mdo 9). Ile bidii ya kuwatesa Wakristo Mungu hakuitupa, aliigeuza.

Na naitreti haijipi elektroni, inapewa. Sisi nasi hatujipi neema. Chetu ni kukubali kubaki mikononi mwa Mungu mpaka amalize kazi yake.

Basi wiki hii jiulize: ni dhambi gani niliiungama, lakini sijarudisha, sijaomba msamaha, sijapatana? Anza na mtu mmoja. Mpigie simu leo.

Tuombe: Bwana, usituache nusu. Ulichokianza ndani yetu, ukikamilishe. Amina.