Fungu la Mbwa: Ni Huruma ao Ni Deni?

Tunajua kama wengi watacheka wakiona kichwa cha maneno haya. Mbwa? Ndani ya kitabu cha desturi? Tunaomba uvumilivu kidogo. Desturi za wazee hazikuwa juu ya ndoa na kilio tu. Zilifika mupaka chini ya meza, pale mbwa analala.

Kwetu, kutoka Kasongo mupaka Kabambare, nyama ya pori haikuwa mali ya mutu mumoja. Ikifika kijijini, ilipasuliwa mbele ya watu. Mwenye mukuki wa kwanza alikuwa na fungu lake, mwenye wavu lake, wazee lao. Mwenye mbwa naye alipata, hata kama siku ile alibaki nyumbani na maumivu ya muguu, kwa sababu mbwa wake alikwenda. Kisha kulikuwa fungu dogo ambalo halikuombwa na mutu yeyote, lile la mbwa mwenyewe: matumbo, damu iliyochanganywa na bugali, mifupa yenye nyama kidogo. Namna ya kukata haikuwa sawa kwa Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na Wabuyu, na hata kijiji na kijiji walitofautiana. Lakini wazo lilikuwa moja: aliyekimbia lazima ale.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mara nyingi nyama haifiki tena katikati ya kijiji. Mwenye moto anangoja njiani, nyama inahesabiwa kwa franka, inafungwa, inakwenda soko. Mbwa aliyeifukuza tangu asubuhi anabaki kulamba majani ya migomba. Hapo ndipo swali letu linaanza. Tukimupa mbwa kitu, tunamufanyia huruma, ao tunalipa deni? Si swali la mchezo. Huruma, ukiiacha leo, hakuna wa kukushitaki. Deni, ukiliacha, wewe ni mwizi.

Mwenye mbwa anajulikana kwa mbwa wake

Kuna methali ya watu wa pwani inayosema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Wazee wetu nao walisoma tabia ya mutu kwa mbwa wake, na sisi tumeona wenye mbwa wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule anayemukumbuka mbwa siku ya kuwinda tu. Mbwa wake utamujua: mbavu zake unaweza kuzihesabu, na kila siku anaingiza kichwa ndani ya chungu cha sombe cha jirani. Watu wanamupiga mbwa juu ya wizi. Lakini mwizi mukubwa amekaa kwenye kiti chake, anangojea wawindaji wamuite.

Wa pili ni mutu wa kiburi. Anafuga mbwa ili watu waogope kupita mbele ya mulango wake. Mara nyingine jina la mbwa huyo ni barua kwa majirani. Utasikia anaita kwa sauti kubwa, «Watasema! Watasema, kuja hapa!», ao «Mungu-Anaona!», na jirani ndani ya nyumba yake anajua kama maneno yale si ya mbwa. Mbwa masikini amekuwa mudomo wa ugomvi asioujua.

Wa tatu hana kelele. Watoto wake wakiisha kula, anatia kidogo kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, anaweka nyuma ya jiko. Hapigi filimbi mara mbili. Mbwa anakuja kwa mara ya kwanza. Mutu wa namna hii, ukimukopesha jembe, atalirudisha.

Kwa nini mbwa ni shahidi muzuri hivi? Juu hajui kusema uongo kwa ajili ya bwana wake. Mutoto anaweza kuambiwa, «Wageni wakija, useme tumekula.» Mbwa huwezi kumufundisha hivyo. Akiona mukono wako unainuka naye anakimbia, wageni wote wameisha kujua.

Ajabu kubwa ya mbwa

Watu wanapenda hadisi za mbwa waliofanya maajabu. Tuko nazo za kweli. Mwezi wa tano mwaka 2005, kule Nairobi, Kenya, karibu na pori la Ngong, mbwa jike mwenye watoto wadogo aliokota kitoto kichanga kilichotupwa ndani ya mufuko. Alikibeba, akavuka barabara yenye magari, akapita ua wa nyaya, akakiweka pamoja na watoto wake. Watu wakasikia kilio. Kitoto kikapelekwa hospitali ya Kenyatta, kikapona, wakakiita Angel. Naye mbwa akapewa jina la Mkombozi. Mutu alitupa, mbwa akaokota. Kila mutu aweke maneno hayo moyoni mwake.

Hapa kwetu Kongo, tangu mwaka 2011, mbuga ya Virunga katika Kivu ya Kaskazini ina mbwa wa kunusa wanaosaidia walinzi kufuata nyayo za wanaoua tembo. Pua ya mbwa inafanya kazi ambayo bunduki haiwezi.

Lakini sisi tunaona kama ajabu kubwa iko karibu zaidi, ndani ya pori letu wenyewe. Mbwa amekimbia tangu alfajiri. Hajala. Anamukamata swala mudogo ao simbiliki, damu iko ndani ya mudomo wake, bwana wake yuko mbali. Pale angeweza kula. Wala hapana mutu anayemuona. Lakini anashika, anangoja. Ni watu wangapi wenye kushika sanduku la feza za wengine wanaoweza kungoja hivyo?

Kwa hiyo tunasema ni deni. Mbwa alikuwa na nyama mudomoni, akakuachia. Mutu akikuachia kilichokuwa mukononi mwake akitumaini utamukumbuka, unasemaje ukimurudishia kidogo? Unasema umemuhurumia?

Dini zetu zinasema nini

Kasongo ni muji wa Uislamu wa zamani, tangu wakati wa Tippu Tip katika miaka ya 1870, na ndugu zetu Waislamu wengi hawapendi mbwa aingie nyumbani, kwa sababu mate yake yanatia vyombo najisi. Hiyo ni sheria yao, tunaiheshimu. Lakini sheria hiyohiyo haisemi mbwa adharauliwe. Korani, katika sura ya Al-Maida, inaruhusu kula nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefundishwa, jina la Mungu likitajwa. Na Mutume alifundisha kama mbwa akikula ile nyama, wewe usiile, kwa kuwa hapo alijikamatia mwenyewe. Angalieni vizuri maana yake: nyama ni halali kwako kwa sababu mbwa alijizuia kwa ajili yako. Bila adabu ya mbwa, chungu chako ni bure. Tena kuna hadithi ya mutu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamunywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamusamehe zambi zake. Na vijana wa pangoni, katika sura ya Al-Kahf, mbwa wao anatajwa pamoja nao.

Wakristo nao wanasoma katika Mezali sura ya 12 kama mutu wa haki anaangalia uzima wa nyama yake anayemufuga, na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25 kama ngombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Ngombe yule anakula akiwa kazini. Hakuna anayesema ameiba.

Jina la ushenzi

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu wa hapa. Mbwa wa zamani wa pori la Kongo, yule mwenye masikio yaliyosimama na mukia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine, anajulikana ulimwenguni kwa jina la Basenji. Mwaka 1895 Wazungu walionyesha wawili Uingereza, wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine wakaonyeshwa kule London, na tangu hapo wamezaana mupaka Marekani, watu wanawanunua kwa bei kali. Kwa sababu habweki, wawindaji walimufunga kengele ya mti, ili wajue yuko wapi ndani ya majani.

Na Basenji maana yake nini? Ni neno letu, washenzi, lililopitia Lingala: mbwa wa washenzi. Washenzi ni jina ambalo wafanyabiashara wa pwani waliwaita babu zetu walipofika huku kutafuta pembe na watumwa. Mbwa na bwana wake walitiwa ndani ya dharau moja. Basi sisi ambao tulionja uchungu wa kuitwa hivyo, tukimuona mutu anamutupia mbwa mawe bila sababu na kusema «ni mbwa tu», tusisahau kama kuna waliosema juu yetu, «ni washenzi tu.» Neno lile «tu» lilibeba minyororo.

Mugeni na mbwa wake

David Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mwaka 1869, na baadaye alikaa pale miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Alifika bila mbwa. Katika safari hiyo alikuwa naye mumoja mudogo, jina lake Chitane. Mbwa huyo alikimbia mbele ya msafara kuona wa kwanza, akarudi nyuma kubwekea wa mwisho wasichelewe. Alijua nyumba ambamo bwana wake analala, akaichunga. Mwezi wa kwanza mwaka 1867, katika inchi ambayo leo ni Zambia, walivuka maji mapana yenye matope, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia, hakutoa amri juu ya mbwa. Kila mutu alishugulika asianguke. Chitane akaogelea mupaka akafa. Jambo hilo tunalijua kwa sababu bwana wake mwenyewe aliliandika katika kitabu chake cha kila siku, na hakuficha kama ni yeye aliyesahau.

Tunataja habari hii juu inaonyesha namna deni linavyopotea. Si kila mara kwa ukatili. Mara nyingi ni kwa kusahau. Anayebweka akitaka watu wote wafike, yeye mwenyewe hakuna aliyehesabu kama amefika.

Na njaa je?

Mwingine atatujibu: «Ninyi munasema vizuri, lakini tulipokimbilia pori wakati wa vita, tangu 1996 mupaka 2003, na mara nyingine kisha, watoto walilala njaa. Nimupe mbwa, mutoto wangu akose?»

Hapana. Mutoto ni wa kwanza, hatubishani. Hatusemi kama mbwa ni sawa na mutu. Aliyelazimika kumuacha mbwa wake siku ile ili sauti yake isiwaite wenye bunduki, sisi hatumuhukumu. Lakini kuwa wa kwanza si kuwa peke yako. Wazee wetu pia walijua njaa, na hata hivyo fungu la mbwa lilibaki, hata kama lilikuwa mufupa. Walijua kama ukianza kukata mafungu kwa kuangalia nani anaweza kulalamika, hutaishia kwa mbwa. Kesho ni mujane. Kesho kutwa ni muzee asiyesimama tena. Tazameni vijiji ambako nyama yote inapanda moto: fungu la mbwa lilikufa kwanza, na fungu la wazee lilifuata njia ileile.

Basi tunaomba mambo manne. Mwenye mbwa amulishe, hata siku asipowinda. Ampeleke kuchanjwa wakati chanjo ya kichaa iko, kwa sababu deni la mwenye mbwa ni kwa jirani pia. Na aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbilie kwa muganga bila kungoja. Na vijana wawaulize wazee wa kwao namna nyama ilikatwa, fungu kwa fungu, nani alipewa nini, waandike mbele wazee hawajatuacha.

Siku mutakayoandika orodha hiyo, muangalie ikiwa mbwa yumo.