Kilicho Laini na Kilicho Chema

Kuna swali ambalo walimu wa makanisa wametuuliza mara mbili tatu, nasi tumelichelewesha, kwa kuwa tulidhani ni jambo la watu wachache wenye fedha. Swali lenyewe ni hili: Je, ile sigara ya umeme, ambayo vijana huiita vepu, ni dhambi, au ni mchezo wa mvuke tu? Sasa jambo hili limefika mlangoni petu hapa Nyakato, wala hatuwezi kulinyamazia tena. Lakini twaomba ruhusa ya wasomaji tuligeuze swali kidogo, maana tumeona ya kuwa ndani yake mna swali jingine lililo kubwa zaidi.

Jioni moja tulikuwa twarudi kutoka kumzuru mgonjwa upande wa Buzuruga, tukifuata barabara ya Musoma kwa miguu. Kando ya njia, penye kibanda cha mafundi wa pikipiki, tulimkuta kijana mmoja wa usharika wetu, ambaye tulimfundisha kipaimara miaka michache iliyopita. Ameinama juu ya meza, na mbele yake chombo kidogo kimefunguliwa: betri, waya mwembamba uliosokotwa, kipande cha pamba, na chupa ndogo ya maji yenye harufu ya embe.

Akasema, “Shikamoo, baba mchungaji.”

Tukaitika, “Marahaba, mwanangu. Hicho ni kifaa gani cha pikipiki?”

Akacheka, wala hakukificha. Akatueleza habari zake zote kwa furaha, kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Alisema ya kuwa wiki ya kwanza alipokinunua alipata taabu sana. Kila alipovuta alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mara nyingine kinywa kilijaa ladha ya kitu kilichoungua. Ndipo rafiki yake mmoja, aliyemtangulia katika mambo hayo, akamfundisha. Kwanza, asivute upesi baada ya kutia pamba mpya, bali angoje mpaka pamba ishibe maji. Pili, apunguze nguvu ya umeme, yaani wati, ili waya usipate moto kupita kiasi. Tatu, azungushe pete ndogo iliyo kando ya chombo, kitundu kifunguke na hewa iingie nyingi, mvuke upate kupoa. Nne, abadili maji, achukue yale ambayo nikotini yake imetengenezwa isikwaruze.

Akasema, “Sasa ni laini kabisa, baba. Sikohoi tena. Nawe hutufundisha kwamba kila kazi tuifanye kwa uangalifu. Hii nimejifunza kwa uangalifu.”

Tulicheka pamoja naye, tukaagana. Lakini tulipofika karibu na soko, kicheko kilikuwa kimekwisha. Maana kijana alisema kweli. Alikuwa amejifunza kwa bidii na saburi, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Hayo ndiyo twayatafuta kwa kila mwanafunzi. Basi, mbona moyo wetu haukufurahi? Je, ufundi si wema?

Ndugu wasomaji, na tufikiri polepole. Ninyi mkaao karibu na ziwa mwawajua wavuvi wa dagaa, na jinsi wanavyotengeneza karabai zao kabla ya kwenda majini usiku wa giza. Mvuvi hupiga pampu, hutazama utambi, hufungua hewa kidogo, hufunga kidogo, mpaka taa isitoe moshi wala isififie. Mvuvi yule na kijana yule wafanya kazi za mfano mmoja: moto, hewa, na kiasi. Lakini tazama mwisho wake. Taa ikitengenezwa vema, huonyesha zaidi. Chombo cha kijana kikitengenezwa vema, huficha zaidi. Chaficha nini? Chaficha kikohozi.

Maana kikohozi kile cha wiki ya kwanza hakikuwa kosa la chombo. Kilikuwa ni shahidi. Mungu ameweka mlinzi kooni mwa mtu, naye hupiga kelele kila kitu kigeni kitakapo kuingia mapafuni. Hakuulizwa, wala hakulipwa mshahara. Yeye hukohoa tu. Nasi twapofika mahali pa kujifunza namna ya kuvuta bila kukohoa, tumemfundisha mlinzi kunyamaza. Wala mwizi hajaondoka mlangoni.

Twapenda kuwa wa haki katika kusema haya. Si kila alichofundishwa kijana kilikuwa kibaya. Pamba ikikauka na waya ukipata moto mno, yale maji huungua, hutoa sumu kali zaidi, na mojawapo ni fomaldehaidi, ile iliyomo katika fomalini ihifadhiayo maiti. Basi apunguzaye moto na kungoja pamba ishibe, kwa hakika hujipunguzia madhara. Na mtu aliyevuta sigara miaka thelathini, akashindwa kuziacha kwa njia nyingine, ana habari yake peke yake. Chombo hiki chajulikana sana kwa kazi ya Hon Lik, mfamasia wa Uchina, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, naye alikitafutia hataza mwaka 2003. Waganga wa Uingereza huwaambia wavutaji wazima ya kuwa kuhamia huko kuna madhara machache kuliko moshi wa sigara, na uchunguzi umeonyesha ya kuwa wengine wamesaidiwa kuacha. Lakini waganga hao hao husema: asiyevuta asianze. Na kijana wetu hakuwa mvutaji. Hakuwa na kitu cha kuacha. Alianza na mvuke, akakohoa, kisha akajifunza kutokohoa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na kiko: buyu lenye maji, bori la udongo la kutilia tumbaku, na digali, yaani mwanzi wa kupitishia moshi mpaka majini. Mzee akivuta, malio ya kiko husikika mpaka nje. Maji yale kazi yake ilikuwa kuupoza moshi, usichome koo. Kiko hicho kikivikwa nguo za mjini ndicho shisha. Watu wengi walidhani ya kuwa maji huusafisha moshi. Kumbe huupoza tu, na nikotini na hewa mbaya ya makaa hupita. Serikali yetu ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, na Kenya mwaka 2017. Nayo Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilikataza shisha na sigara za umeme pamoja.

Hapa hatuna budi kusema habari yetu wenyewe, ijapokuwa hatuipendi. Tulipokuwa chuoni tukisomea uchungaji, tulivuta sigara kwa siri nyuma ya jiko. Sigara ya kwanza ilitutapisha. Mwenzetu mmoja akatuhurumia, akasema, “Chukua zile za mentholi, hizo ni laini.” Tukazichukua, nazo zilikuwa laini kweli, tukadhani tumepata sigara iliyo njema. Baadaye tulijifunza ya kuwa mentholi haiondoi sumu ya tumbaku hata chembe. Hupoza koo tu, ili mtu avute bila kujizuia. Miaka michache baadaye, siku za Kwaresima, tulikusudia kuziacha siku arobaini, tukidhani ni jambo dogo. Siku ya tatu tulisimama mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili, mkono ukitetemeka na ulimi umejaa hasira, tukamkemea mtoto mmoja bila sababu, akalia. Ndipo tulipojua ni nani bwana na ni nani mtumwa. Tulianguka mara mbili kabla ya kuziacha kabisa. Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Nasi twaongeza: taabu hiyo haionekani siku ya kuanza, kwa kuwa wameilainisha.

Na wajuao kulainisha wamezidi ufundi. Nikotini isiyochanganywa na asidi, ikiwa kali, huchoma koo, na mtu hawezi kuvuta nyingi. Basi watengenezaji wakaichanganya na asidi, kama ile iitwayo benzoiki, ukali ukapungua, ikawezekana kuvuta nikotini nyingi bila kuona maumivu. Kule Marekani, kuanzia mwaka 2015, kiliuzwa chombo kiitwacho Juul, nacho kilikuwa na miligramu 59 za nikotini katika kila mililita ya maji yake. Vijana walikipokea kwa ladha zake tamu. Ilipofika Desemba 2018, mganga mkuu wa serikali ya nchi ile alitangaza ya kuwa jambo hilo limekuwa kama tauni kati ya vijana. Na mwaka 2019 wanafunzi zaidi ya milioni 5 walisema ya kuwa wanatumia vyombo vya namna hiyo. Ubongo wa mtu huendelea kukua mpaka miaka kama 25, na nikotini huushika ubongo ukuao kwa nguvu zaidi kuliko ule uliokomaa. Basi ulaini ule haukuwa huruma. Ulikuwa mlango uliotiwa mafuta ili usilie usiku.

Sasa turudi kwa swali letu. Je, ufundi si wema? Twajibu hivi: ufundi ni mtumishi, na mtumishi husifiwa au hulaumiwa pamoja na bwana wake. Saburi ya kijana yule ni njema. Lakini ameitia katika kazi ya kujifunga mwenyewe kamba, tena kamba isiyokwaruza. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwaonya juu ya kutawaliwa na kitu chochote, hata kilicho halali. Basi tusiulize tu, “Je, chombo hiki kimekatazwa?” Na tuulize, “Nikikiweka mezani wiki nzima, je, nitakuwa mtu yule yule?” Anayeweza kujibu kwa ukweli amekwisha kupata jibu la swali la kwanza.

Wala tusidhani ya kuwa maneno haya yamhusu kijana wa kibandani peke yake. Mtu apokeapo hongo mara ya kwanza, moyo wake hukohoa. Hulala vibaya. Kisha rafiki humfundisha kubadili jina, asiite hongo, aite chai au asante; na mara ya tano hakohoi tena. Mzee wa kanisa akopaye fedha ya sadaka kwa juma moja, juma la kwanza hukohoa. Akiisha kuandika vizuri katika daftari, hakohoi. Hata sisi wahubiri twaweza kuzungusha ile pete ndogo, tukaingiza hewa nyingi katika mahubiri, mpaka neno lishuke laini, na watu watoke wakisema, “Leo tumebarikiwa,” wala hakuna aliyeguswa. Ulaini si ushahidi wa wema. Mara nyingine ni ushahidi ya kuwa mlinzi amelala.

Basi, walimu wa makanisa, twawapa mashauri machache. Msimfukuze kijana mwenye chombo hiki, wala msimtaje kwa jina mbele ya watu. Mkimfukuza, wa kumfundisha watakuwa wale wale waliomfundisha kukivuta. Mwulizeni alianzaje, mkamsikilize mpaka mwisho. Asiyeanza, mwambieni wazi ya kuwa mvuke ule si maji matupu: mna nikotini, mna chembe za madini zitokazo katika waya, wala ladha ya embe haibadili jambo. Wenye watoto nyumbani, wakumbusheni ya kuwa chupa ile ni sumu mtoto akiinywa. Iwekwe mbali na ifungwe. Anayetaka kuacha sigara, mpelekeni kwanza kwa mganga. Na yule aliyekwisha kushikwa, ikiwa apenda kurekebisha chombo, mfundisheni marekebisho moja lililo jema: maji yake ameandikiwa kiasi cha nikotini, kama ni 12, ashuke mpaka 6, kisha 3, kisha maji yasiyo na nikotini, kisha kabatini, asikitoe tena. Huo nao ni ufundi, nao wataka saburi kuliko ule wa kwanza.

Tulionana tena na kijana wetu majuma mawili baadaye, tukamweleza haya, pamoja na habari za mtoto yule tuliyemliza siku ya Kwaresima. Hakukitupa chombo chake ziwani, kama watu wafanyavyo katika hadithi. Alinyamaza kitambo, akakigeuza mkononi, akasema, “Baba, mimi nilidhani kukohoa ndiko kutojua.” Kisha akakitia mfukoni, akarudi kwenye pikipiki yake.

Nasi twamwombea. Tena twaomba kwa ajili yetu sote tuyasomao haya, ya kwamba mlinzi ambaye Mungu amemweka kooni mwetu, na yule aliyemweka moyoni, wasinyamazishwe na mkono wetu wenyewe.