Chupa Tupu na Hukumu ya Dhambi

Kakamega si mahali pepesi kwa mtu anayekusanya chupa kuukuu za jini na wiski. Wamisionari wa Quaker walipofika Kaimosi mwaka 1902 waliifanya pombe kuwa mpaka kati ya muumini na ulimwengu, na mpaka huo haujafutika. Mumias, alikotawala Nabongo Mumia, Waislamu nao wana katazo lao, tena la kale zaidi. Kwa hiyo anayezipanga chupa hizo kwenye rafu ya sebule lazima aulizwe iwapo kukipenda chombo si njia ya mzunguko ya kukipenda kilichokuwamo. Ni swali la haki. Naamini jibu lake limo katika kazi yenyewe ya kukadiria umri wa chupa, kwa sababu anayeilaani chupa na mkusanyaji mzembe hukosea kwa namna moja: wote wawili hukibebesha kioo mambo ya watu.

Tazama mkusanyaji makini anavyofanya. Huanza na mshono ulioachwa na kalibu. Kwa kawaida mshono ukikomea shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi ukingoni, chupa ni ya mashine, kazi iliyoenea baada ya Michael Owens wa Marekani kukamilisha mashine yake mwaka 1903. Chupa iliyochorwa onyo la serikali ya Marekani dhidi ya kuiuza au kuitumia tena haiwezi kutangulia mwaka 1935, kwani sharti hilo lilianza hapo na kuondolewa mwaka 1964. Wamarekani walihofia wauza magendo wangeijaza upya. Huku kwetu, kujazwa upya ndiyo maisha ya chupa: leo samli, kesho asali, keshokutwa mafuta ya taa, na siku nyingine chang'aa. Sasa chukua chupa yenye mshono unaokomea shingoni, iliyofukuliwa karibu na mgodi wa Rosterman. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931 na wazungu wakamiminika, basi kishawishi ni kusema kwamba mmoja wao aliinywa na kuitupa. Kioo hakijasema hivyo. Kufikia miaka hiyo chupa za mashine zilikuwa zimetapakaa. Chupa hii iliyomaliziwa kwa mkono huenda iliwatangulia wachimbaji kwa miaka mingi, ikafika mikononi mwa mchuuzi ikiwa na mafuta ya kupikia. Mshono hutaja namna ya kutengenezwa. Mnywaji haumtaji, wala hautaji kama alikuwapo.

Anayeilaani chupa huruka pengo hilohilo, ila kwa jina la dini. Na dini yenyewe imekwisha kulizungumza. Mtume Muhammad aliukataza ujumbe wa kabila la Abdul-Qais kutumia vibuyu, magogo yaliyochongwa na mitungi iliyokuwa ikivundikiwa vileo. Baadaye, kama inavyopokewa katika Sahihi Muslim, aliviruhusu vyombo hivyo, akabainisha kwamba chombo hakihalalishi wala hakiharamishi kitu, kinachoharamishwa ni kila kilevi. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kuhusu nyama za sanamu, alishika njia ya karibu na hiyo: sanamu si kitu, lakini dhamiri ya ndugu dhaifu ni kitu. Hapo ndipo pingamizi lenye uzito linapoingia. Je, kama lebo ya wiski inaamsha kiu ya aliyeacha kunywa juzi tu? Basi chupa iondoke sebuleni, bila mjadala. Ila iondoke kwa ajili ya mtu huyo, kama vile katazo la mwanzo lilivyowalinda watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaachana na mazoea. Akihama yeye, hoja huhama naye. Hoja iliyokuwa ndani ya kioo ingebaki palepale.

Atasema mwingine kwamba nimekitakasa kioo mno, na kwamba kuna chupa ambazo huwezi kuzitazama kwa moyo mweupe. Kweli. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba kipande chochote kitakachotolewa katika hifadhi zao kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932, kwa ajili ya dhahabu ya Kakamega, ahadi hiyo ililegezwa ili wachimbaji wapite. Na hadi miaka ya 1950 Mwafrika alikatazwa pombe kali za viwandani ambazo mzungu alizinywa kwenye ardhi hiyohiyo. Hatia hiyo naikubali yote, ila ina wenyewe: waliotunga sheria, waliozipitisha na waliofaidika nazo. Kuivunja chupa hakumgusi hata mmoja wao, na kuisifia rangi yake ya kijani bila kutaja ardhi ni kuwasaidia kujificha. Kikaratasi kilichobandikwa chini yake kinaweza kutaja namna ilivyotengenezwa, mwaka ambao haiwezi kuutangulia, mahali ilipookotwa na sheria ya Desemba 1932. Penye jina la mnywaji paachwe wazi.