Aliyeshika Bomba

Kamba wa mtoni akifa, hakuna anayeulizwa. Ameliwa na kambare, au kiangazi kimemwacha kwenye dimbwi linalokauka, na mto unaendelea na safari yake. Kamba yuleyule akifa ndani ya tangi la kioo, swali linazuka hapohapo: kafa kwa nini? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa miezi kadhaa, na naona ni maswali mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza linatafuta sababu, la pili linamtafuta mwenye dhamana. Tumezoea kudhani kwamba tukikosa jibu la kwanza, la pili nalo limefutika.

Mwenzangu wa darasani, ambaye amepanga Katindiuka kama mimi, alileta kamba wadogo wa maji baridi kutoka Dar es Salaam. Walikuwa kumi na wanane, kila mmoja hazidi pingili ya kidole. Baada ya mwezi walibaki watano. Hakuna aliyeonekana mgonjwa. Jioni wanachokonoa mwani kwenye mawe, asubuhi mmoja kalala ubavu, rangi imekuwa kama maziwa. Siku nyingine hata mzoga haukuonekana, maana kamba humla mwenzao aliyekufa, na ushahidi huenda naye.

Washukiwa hawakukosekana. Kuna amonia, ambayo hupanda katika tangi jipya lisilo bado na bakteria wa kuibadili. Kuna shaba: kiasi ambacho samaki anavumilia kinaweza kummaliza kamba. Kuna shida ya kujivua gamba, pale maji yanapokosa madini ya kujenga gamba jipya. Kuna joto, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa kidogo, na Ifakara ya Novemba tunaijua. Halafu kuna dawa ya mbu ya kupuliza. Kamba na mbu ni ndugu wa mbali, na dawa za jamii ya pairethroidi zinazomwangusha huyu humwangusha na yule.

Mwenzangu aliwapitia wote. Alipima amonia, hakuna. Alibadili chanzo cha maji, akaongeza pampu ya hewa, akaacha kupuliza dawa chumbani. Kamba waliendelea kufa, mmoja mmoja, bila haraka.

Mama mwenye nyumba alitukuta barazani tukilijadili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Wamekufa tena?"

"Wamekufa, mama. Tatizo halijulikani."

"Na hamuwali?"

"Hatuwali, mama. Ni wa kuangalia tu."

Akatazama tangi kwa muda. "Sasa kama hamuwali, mliwafungia nini?"

Sisi tulikuwa tunatafuta kilichowaua. Yeye aliuliza waliingiaje mikononi mwetu. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria mahali ambapo swali lake linauma zaidi kuliko kwenye tangi la mpangaji, na mahali hapo pako kwenye bonde letu hilihili.

Kusini-magharibi mwa Ifakara, kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa, mto Kihansi huporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Katika korongo lake, kwenye eneo dogo lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko, mwaka 1996 watafiti walimkuta chura wa rangi ya dhahabu, mdogo sana, anayezaa watoto badala ya kutaga. Hajapatikana kwingine kokote duniani. Wakati huo bwawa la kuzalisha umeme lilikuwa tayari linajengwa juu yake. Maji yalipogeuzwa kuingia kwenye handaki la mitambo, karibu mwaka 2000, sehemu kubwa ya mvuke ikakatika. Mabomba na vinyunyizio vikafungwa korongoni ili kuwarudishia vyura ukungu wao.

Kwa muda ilifaa. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufikia maelfu. Miezi michache baadaye, mapema 2004, wanaohesabu waliona wachache wasiofika idadi ya vidole vya mikono. Washukiwa wakatajwa: ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura; viuatilifu kwenye tope lililotoka bwawani milango ilipofunguliwa kulisafisha; vinyunyizio vilivyosimama kufanya kazi kwa muda. Wengi huelekeza kidole kwenye kuvu, lakini yote matatu yalikutana karibu wakati mmoja, na kuyatenganisha ni vigumu. Mwaka 2009 chura huyo aliorodheshwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Waliobaki walikuwa ndani ya vioo. Mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, na huko nao walikufa kwa wingi, hadi wakapungua chini ya mia. Watunzaji walihangaika na minyoo ya mapafu, mwanga na lishe, wakibadili hiki na kile, kama mwenzangu wa Katindiuka. Hatimaye waliongezeka, na mwaka 2010 vyura mia moja walirudi Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye wengine walirudishwa korongoni. Mitaani jina lao bado huja na kicheko: vyura waliopanda ndege.

Mimi naona korongo lile liligeuka tangi siku maji yalipoingia kwenye handaki. Kabla ya hapo chura akifa alikuwa kama kamba wa mtoni. Baada ya hapo kila tone lililomfikia lilipitia mkononi mwa mtu. Dhamana ilianza pale mkono uliposhika bomba, kabla ya kuvu, kabla ya tope, kabla ya kifo cha kwanza.

Najua pingamizi. Umeme ule, megawati 180, huingia gridi ya taifa, na huwasha hospitali na shule. Na bonde hili linajua uzito wa hoja hiyo. Mradi wa KINET, ulioanza miaka ya 1990, ulisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulivihusisha na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo. Dawa ya chandarua, kikifuliwa mtoni, humdhuru kamba. Nikiambiwa nichague kati ya mtoto na kamba, sitajifanya nafikiri. Lakini kuwa na haki ya kushika bomba hakukuondolei hesabu ya kinachotokea ukilishika. Mzazi anayemchanja mtoto yuko sahihi, na bado hukesha naye homa ikipanda.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mtu atawajibikaje kwa kitu asichokijua? Nadhani anawajibika kwa namna anavyosema "sijui". Kuna "sijui" inayofunga mlango; huyo kesho atanunua kamba wengine kumi na wanane na kuwamimina katika maji yaleyale. Kuna "sijui" nyingine inayoandika tarehe ya kila kifo, inabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ijue kilichosaidia, na haiongezi kiumbe hata mmoja kwenye tangi mpaka vifo vikome. Pia haikubali mshukiwa kwa sababu tu anatufaa. Kuvu ni mshukiwa anayefaa sana, kwa kuwa kuvu hana ofisi wala hajengi bwawa. Huenda kweli ndiye. Ila tukimkubali ili tupumzike, tumetumia sababu kufukia dhamana.

Nilipoanza shahada hii nilidhani kazi ya mtafiti ni kupata jibu, na akikosa jibu kazi yake imeshindikana. Sasa naona sehemu kubwa ya kazi ni kubaki karibu na kitu kinachokufa bila kuelewa kwa nini, na kutoondoka. Watunzaji wale wa vyura hawakuwa na uhakika walipokuwa wakihesabu mizoga. Walichokuwa nacho ni viumbe waliokubali kuwapokea. Wengine wangekiita kiasi hicho kidogo. Chura wa Kihansi yupo leo kwa sababu yake.