Usawa wa Mawe ya Herrnhut

Anayetaka kuuona mji wa Herrnhut wote kwa mara moja hupanda Hutberg, kilima cha mita 371 kilichoko pembezoni mwake. Si mlima wa kumtoa mtu jasho. Kileleni kuna mnara mdogo uitwao Altan, na ukisimama kwenye roshani yake macho hufika mbali: misitu ya misonobari, mashamba, vijiji vya Lausitz ya Juu vyenye nyumba za magogo na mbao zilizopachikwa, na upande wa kusini milima ya Zittau inayopakana na Ucheki. Lakini njia iliyozoeleka ya kufika huko inapita makaburini. Mgeni aliyekuja kutazama mandhari hulazimika kwanza kupita katikati ya maelfu ya marehemu.

Herrnhut ni mji mdogo wa mashariki kabisa mwa Ujerumani, katika jimbo la Saxony, na mgeni asiye na gari hufika kwa basi kutoka Zittau au Löbau. Tarehe 17 Juni 1722 seremala mmoja, Christian David, aliangusha mti wa kwanza hapo ili wakimbizi wa dini waliotoroka Moravia wapate pa kujenga. Ardhi ilikuwa ya kabaila kijana wa miaka 22, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Ndipo lilipozaliwa upya kanisa ambalo Watanzania wanalifahamu kwa jina la Moravian. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bethlehem ya Pennsylvania na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, ukaungana na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015. Miji yote minne ilijengwa na jumuiya hiyo moja, na yote inasomeka kama mahubiri: barabara zilizonyooka, nyumba zisizo na mbwembwe, ukumbi wa ibada katikati.

Makaburi ya Hutberg yalianza mwaka 1730. Hakuna msalaba uliosimama, hakuna sanamu ya malaika, hakuna picha ya marehemu. Kuna nyasi, safu za miti ya lindeni iliyopunguzwa matawi kwa ustadi, na mawe yaliyolazwa chini kwa mistari, yakifanana ukubwa. Kila jiwe lina jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe ya kufa. Si ajabu kukuta mahali pa kuzaliwa pakiwa ng'ambo ya bahari, maana watoto wa wamisionari walizaliwa kila pembe ya dunia. Wanaume wamelala upande mmoja wa njia kuu na wanawake upande wa pili, kila mtu kwa zamu aliyofia. Aliyekuwa na shamba kubwa yuko jirani na aliyekuwa mfua nguo wake, kwa sababu tu walifariki wiki moja.

Fundisho liko wazi: mbele za Mungu watu ni sawa. Ila swali gumu halijibiwi na jiwe. Usawa huo unaanza lini? Unaanza mtu akiwa hai, anakula, anafanya kazi na kulipwa, au unangoja hadi atiwe udongoni?

Kabla ya kulijibu, inafaa kukiri kwamba usawa wa Hutberg una gharama. Mume na mke waliokaa pamoja miaka hamsini hutenganishwa. Mama hazikwi karibu na mwanawe wa kiume. Huko Tukuyu na Kyela nchini Tanzania, ambako kanisa hilohilo lina mizizi mirefu, familia nyingi huzika nyumbani kwao, kaburi likajengewa na kuwekwa vigae kadiri ya uwezo, na wajukuu wakacheza pembeni yake. Kaburi la namna hiyo linasema huyu alikuwa wetu. Jiwe la Herrnhut linasema huyu alikuwa ndugu wa wote, na ili kulisema hilo linalazimika kuukata ukoo. Mtu wa Kyela anaweza kuliona jambo hilo kuwa la ukatili, na hatakuwa amekosea sana.

Wazee wa Herrnhut hawakuuacha usawa uishie makaburini. Katika ukumbi wao wa ibada, ulioungua Mei 1945 na kujengwa tena, kila kitu ni cheupe, kuanzia kuta hadi mabenchi. Palipotazamiwa altare pana meza ya kawaida. Waumini waliitana ndugu na dada, awe fundi viatu au mtoto wa kabaila. Mwaka 1730 mkuu wa wanawake alichaguliwa kwa kura ya kuokota karatasi, na kura ikamwangukia Anna Nitschmann, binti wa familia ya wakulima wakimbizi, mwenye umri wa miaka 14. Katika Ulaya ya wakati ule, kumpa binti wa mkulima mamlaka ya kiroho juu ya wanawake wenye vyeo lilikuwa jambo la kuwatoa watu pumzi. Kila muumini pia alitakiwa kuandika habari za maisha yake, zije kusomwa siku ya mazishi. Hifadhi ya nyaraka mjini humo ina maelfu ya maandiko hayo, ya wafumaji na wapishi kwa wachungaji, na hapo mtu mdogo alipewa kitu ambacho historia kwa kawaida humnyima: nafasi ya kujieleza mwenyewe.

Hata hivyo, wanawake hao waliovaa kofia nyeupe za kufanana walizifunga kwa utepe wa rangi. Nyekundu kwa wasichana, pinki kwa wasioolewa, buluu kwa walioolewa, nyeupe kwa wajane. Watu hawakai muda mrefu bila kutafuta alama ya kutofautiana.

Na katikati ya makaburi yenyewe, pale njia kuu inapopita, mgeni hukutana na kitu kinachomshangaza. Yapo makaburi yaliyoinuliwa, mazito, makubwa kuliko yote: ya Zinzendorf, aliyefariki tarehe 9 Mei 1760, na ya watu wa familia yake. Anna Nitschmann yumo humo. Kabaila huyo alimwoa mwaka 1757, baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza, na ndoa ikafichwa kwa muda, kwani ukoo wake usingependa kusikia kwamba bwana mkubwa ameoa binti wa mkulima. Jiwe la Anna, basi, linabeba mambo mawili kwa pamoja: usawa uliompandisha na heshima ya ukoo iliyomfanya afichwe.

Watetezi husema makaburi hayo ni shukrani ya jumuiya kwa mwanzilishi wake, si majivuno. Inawezekana. Lakini kanuni inayomwachia mwanzilishi wake mlango wa pembeni haiwezi kuepuka kuulizwa.

Ulizo lenyewe ni zito zaidi ng'ambo ya bahari. Mwaka 1731 Zinzendorf alikuwa Copenhagen, akakutana na Anton, mtumwa aliyetoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, koloni la Denmark. Anton alifika hadi Herrnhut akawaeleza waumini hali ya watumwa kisiwani. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Agosti 1732, Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta meli. Ndio mwanzo wa umisionari wa Wamoravian. Ujasiri wao hauna ubishi. Wengi waliowafuata walikufa kwa homa miezi michache tu baada ya kufika. Dober aliporudi alikuja na mvulana mtumwa aliyenunuliwa kisiwani, Oly, ambaye alifia Herrnhut mwaka 1736.

Kisha Wamoravian wakanunua shamba huko St. Thomas, na pamoja na shamba wakamiliki watu waliolilima. Ndugu katika Kristo akawa pia mali kwenye daftari. Zinzendorf alipokitembelea kisiwa hicho mwaka 1739, aliwaambia Waafrika waliobatizwa kwamba utumwa umewekwa na Mungu, na kwamba imani huwaweka huru na mawazo maovu, haiwatoi mikononi mwa bwana. Maneno hayo hayakumponyoka. Ndivyo alivyoamini. Usawa aliokuwa tayari kuutandika kwenye nyasi za Hutberg hakuwa tayari kuutandika kwenye shamba la miwa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kila dini inayofundisha usawa mbele za Mungu, na si ya Wamoravian peke yao. Fundisho lilelile linaweza kuwa amri ya leo au ahadi ya baadaye, na mwenye nguvu hupenda liwe ahadi, kwa kuwa halimgharimu kitu.

Ila wenye mashamba wa St. Thomas hawakuwa wajinga. Waliona kitu ambacho Zinzendorf mwenyewe hakukiona. Waliwapiga watumwa waliokwenda kujifunza kusoma, na mwaka 1738 wakawatia jela wamisionari. Miongoni mwa waliofungwa alikuwa Rebecca, mwanamke kijana mzaliwa wa Antigua, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru, ambaye alikuwa akitembea usiku kwenye njia za mashambani kuwafundisha wanawake wenzake. Alikuwa ameolewa na mmisionari Mjerumani, Matthäus Freundlich. Mahakama ilikataa kuitambua ndoa hiyo, na Rebecca akatishiwa kurudishwa utumwani. Walitoka jela baada ya Zinzendorf kufika na kuwaombea, bwana yuleyule aliyekuja kuhubiri utii. Baadaye Rebecca alifika Ujerumani, akaishi katika jumuiya, akaolewa mara ya pili na Christian Protten, mzaliwa wa Pwani ya Dhahabu, na kufariki mwaka 1780 huko Christiansborg, Accra. Kwake yeye usawa haukuwa wa kungoja kaburi. Aliuchukua kama ulivyohubiriwa, akautumia akiwa hai, wala hakumwomba mtu idhini. Utumwa wa kisiwa hicho ulifutwa mwaka 1848, miaka 110 baada ya kufungwa kwake.

Mgeni akishuka kutoka Hutberg ana ya kufanya siku nzima. Kuna kiwanda cha nyota za karatasi zenye ncha 25, ambazo Wajerumani huziwasha majira ya Krismasi. Kuna matembezi mafupi mashambani hadi Berthelsdorf, kwenye kanisa ambamo tarehe 13 Agosti 1727 wakimbizi waliokuwa wakigombana walipatana kwenye meza ya Bwana. Kuna njia ya msituni yenye vinyago vya mbao na mawe kuelekea Großhennersdorf. Na kuna jumba la makumbusho lililoanza mwaka 1878, lenye vitu ambavyo wamisionari walivikusanya kutoka mabara mengine.

Miongoni mwa mabara hayo ni Afrika: wamisionari wakiongozwa na Theodor Meyer walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani, wakati Ujerumani wamebaki maelfu machache tu. Alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, matarumbeta hupigwa Hutberg na waumini hukusanyika kati ya mawe kutangaza ufufuo. Ibada hiyohiyo hufanyika makaburini Mbeya na Tabora, na umati wa huku ni mkubwa zaidi. Kila siku Wamoravian husoma mstari wa Biblia uliotolewa kwa kura, desturi iliyoanza mwaka 1728, na mistari hiyo hutafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kura hiyo bado huokotwa Herrnhut. Muumini wa Rungwe akiuliza kwa nini isiokotwe kwao mwaka mmoja, mila ya miaka karibu mia tatu itatajwa, na ni mila ya kuheshimiwa; lakini swali lake litakuwa ni lile lile la Rebecca, nalo linahusu watu walio hai.