Vikapu Kumi na Viwili

Somo: Yohana 6:1–13



Habari ya mikate mitano ya shayiri na samaki wawili mmeisikia tangu utoto. Lakini mara nyingi tukiisoma twaishia pale watu waliposhiba. Twamshukuru Mungu, twafunga kitabu. Bwana wetu hakuishia pale. Watu walipokwisha kula, aliwaamuru wanafunzi wainame waokote masalio yote, pasiwe na kipande cha kuachwa majanini. Wakaokota, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Kwa nini? Yeye aliyewalisha wanaume wapata 5,000 kwa chakula cha mtoto mmoja, je, alikuwa na haja ya makombo? Hapana. Lakini kipawa cha Mungu hakigeuki kuwa taka kwa sababu sisi tumeshiba. Neno hili na tulitafakari mwezi huu.

Kwanza, tuwaangalie wanaoinama. Katika pwani ya Kenya kiko kisiwa cha Lamu. Mji wake ni wa kale, njia zake ni nyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Watu wa kisiwani wajua jambo ambalo sisi wa bara twalisahau: kitu kilicholetwa kwa chombo, kisipochukuliwa tena kwa chombo, hubaki. Na bahari nayo huwaletea taka za watu wasiowajua. Basi watu walizunguka ufuoni kwa hiari yao, wakaokota chupa za plastiki na kandambili zilizotupwa. Plastiki ikayeyushwa, ikafanywa mbao, na mafundi wakaunda jahazi zima. Zilitumika tani zipatazo 10, na kandambili 30,000 za rangi nyingi zikaufunika mwili wake. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilishushwa majini mwaka 2018. Mwaka 2019 lilisafiri toka Lamu hata Unguja, na mwaka 2021 lilikuja katika ziwa letu hili, likazuru pande za Kenya, Uganda na Tanzania. Wengi wa watu wa Lamu ni Waislamu; hawakungoja tuwahubirie habari ya vikapu. Sisi tuliopewa somo hili, na tuone haya kidogo.

Wala watu wa Buhemba tusiseme, Hayo ni mambo ya visiwani. Twaujua sana uokotaji wa masalio. Mgodi wa zamani ulituachia vifusi, na watu wetu huvisaga na kuviosha tena, wakitafuta chembe za dhahabu zilizowapita wa kwanza. Hakuna asemaye, Chembe hii ni ndogo, na ipotee. Ikiwa twainama kwa ajili ya dhahabu, mbona hatuinami kwa ajili ya kijito wanywamo ng'ombe wetu? Mvua ikinyesha, taka zetu hushuka mabondeni, na maji yote huelekea ziwani kwa wavuvi.

Pili, masalio yalihesabiwa. Hapa yanipasa kuungama.

Katika usharika wetu tulifungua banda la kukusanyia chupa na vyuma vibovu. Kazi yenyewe si ya fahari. Chupa huoshwa, na vifuniko hutengwa, maana plastiki yake si ya namna moja: ukivikata vipande na kuvitia majini, kifuniko huelea, chupa huzama. Zikichanganyika, mnunuzi huzikataa. Kisha mzigo hupimwa, huandikwa daftarini, nao hungoja gari. Hakuna apewaye mshahara. Fedha hununulia yatima madaftari ya shule.

Mwezi mmoja fedha zilikuwa kwangu. Nilikuwa na safari ya kuwazuru wagonjwa, nami sina nauli; nikatwaa humo, nikijiambia, Nitarudisha. Wala sikuandika. Jumapili mjane mmoja, ambaye kila juma alileta gunia la chupa kichwani toka mbali, aliniuliza kwa adabu, “Baba Mchungaji, chupa zetu zimepata kiasi gani?” Nikakasirika. Nikamjibu kwamba kazi ya Mungu haiulizwi hesabu kama duka. Akanyamaza, akaenda zake. Jumapili ya pili hakuleta chupa, na wenzake hawakuleta. Banda likakaa tupu.

Ndipo, nikitengeneza mahubiri, nilifika kwenye somo hili. Mwinjilisti hakuandika vikapu vingi. Aliandika kumi na viwili. Na katika Marko 8 Bwana mwenyewe awauliza wanafunzi idadi ya vikapu, nao wamjibu bila kusita. Mimi nisingaliweza kujibu. Nikaenda nyumbani kwa mama yule, nikaungama; nikaungama tena mbele ya usharika, nikarudisha fedha. Akaniambia, “Baba, shilingi si neno. Nilidhani juhudi yetu umeitupa.” Juma lile akaja na gunia lake.

Tangu siku hiyo daftari hushikwa na watu wawili, na hesabu husomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Ninyi walimu na wazee wa kanisa, msikasirike mkiulizwa. Mtu afanyaye kazi bila mshahara hana malipo ila kujua kwamba kazi yake haikupotea. Ukimnyima hilo, umemnyang'anya.

Tatu, tumtazame yeye aliyeamuru kuokota. Endeleeni kusoma sura hii ya 6 hata aya ya 39. Huko Yesu asema juu ya watu aliopewa na Baba, kwamba mapenzi ya Baba ni asimpoteze hata mmoja, bali amfufue siku ya mwisho. Aliyewajali vipande vya shayiri ndiye atujaliye sisi. Mlevi aliyetupwa na jamaa zake, binti aliyefukuzwa nyumbani, na mchungaji aliyeficha nauli, wote ni masalio ambayo Bwana ameyainamia. Hatuokoti ili tupate kuokolewa. Twaokota kwa kuwa sisi wenyewe tumeokotwa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, utufundishe kuinama. Utupe mikono minyofu katika vitu vidogo, na utukusanye sote katika kikapu chako, asipotee hata mmoja wetu. Amina.