Tembea Uone, Lakini Uone Nini?

Wahenga wetu walisema: Kutembea kwingi kuona mengi. Neno hili ni la kweli, lakini lina swali ndani yake. Je, mtu akishatazama mengi, amemaliza kazi yake? Au kile alichokitazama chamdai kitu?

Tuchukue mfano wa London. Kanisa letu katika sehemu hizi lilipandwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, kwa hiyo si ajabu Mkristo wa Korogwe au Handeni akialikwa Uingereza kwa mkutano au masomo. Wenyeji wake, kwa ukarimu wao, humtengea siku moja ya kuuona mji. Huonyeshwa mto Thames na madaraja yake, jumba la Bunge, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Kisha hufikishwa Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme wa nchi ile hutawazwa. Hapo watalii hulipa kiingilio, bali ajaye kusali halipi. Nyumba ni moja, waingiao ni wa namna mbili.

Humo, katikati ya kanisa, sakafuni, limo kaburi la Daktari David Livingstone. Sisi twamjua, maana wito alioutoa Cambridge mwaka 1857 ndio ulioamsha UMCA. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu waliosafiri naye waliuzika moyo wake huko chini ya mti. Mwili wakaukausha juani, wakaufunga vizuri, wakauchukua kwa miguu miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,600, hata wakafika Bagamoyo. Ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Maandishi ya jiwe yasema kwamba aliletwa kwa mikono ya watu waaminifu. Majina ya watu hao hayamo.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Mtalii husoma jiwe, hupiga picha, akaenda zake. Je, ameona? Abdullah Susi na James Chuma ndio walioongoza safari ile. Halima, mpishi, alikuwamo msafarani. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani, aliandamana na mwili mpaka Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza siku ya maziko. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha kupita.

Wako watakaosema: Jiwe ni dogo, haliwezi kubeba majina ya wote, tena wale walikuwa watu wa mshahara. Ni kweli, jiwe ni dogo. Lakini mshahara hulipa mzigo, haulipi uaminifu. Wangeweza kumzika palepale alipofia na kurudi kwao, wala hakuna ambaye angewalaumu. Nasi twaona kwamba lile lisilobebwa na jiwe, hubebwa na mwenye macho. Kiingilio hakimalizi deni. Deni la atazamaye ni kuuliza: Nani alibeba? Kisha akumbuke alichojibiwa.

Mtume Paulo naye alikuwa mgeni katika mji mkubwa, Athene (Matendo 17). Aliuzunguka akiangalia vitu vyao vya ibada. Hakuridhika na kutazama. Aliyasoma maandishi ya madhabahu moja, akazungumza na watu sokoni. Na huyo huyo, mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, aliwataja watu wengi kwa majina yao, hata Tertio aliyeushika wino akapata nafasi ya kutoa salamu zake.

Tena kumbukumbu yaweza kuongezwa. Mwaka 1998, juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, ziliwekwa sanamu za mashahidi 10 wa karne ya 20. Mmoja wao ni Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1977. Lakini asiyeinua macho atapita chini yake bila kumwona.

Basi, tusiishie London. Msafiri apitaye Korogwe kwa basi hununua machungwa dirishani, akaendelea na safari yake ya Moshi au Arusha. Twaweza kusema kwamba hakutuona. Lakini sisi wenyewe twaona? Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Kabla ya hapo mizigo ilipanda huku vichwani mwa watu. Makanisa tunayosali, na hospitali ya Kwamkono tunakotibiwa, havikuota kama uyoga. Kuna waliosomba mawe na mchanga, na akina mama waliochota maji ya kukorogea udongo. Twawajua mapadre na maaskofu waliobariki majengo hayo. Waliosomba je?

Daftari la parokia lina majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Twashauri kila mtaa ufungue daftari jingine, vijana waende kwa wazee wakaulize: Kanisa hili lilijengwa na nani? Majina yaandikwe, na siku ya kumbukumbu ya marehemu wote yasomwe mbele ya altare. Tuanze mapema, maana wazee wanaojua wamebaki wachache.